Je, Wajua Kwa Nini Kijiko cha Trekta Hufungwa Mipira Kwanza, Pini Mwisho?

Ukifunga tela nyuma ya trekta, unaanza na pini. Jembe la sahani hali kadhalika. Kijiko cha kuchimbia kinachofungwa nyuma ya trekta dogo kinakwenda kinyume: mipira ya oili, yaani mabomba laini yanayopitisha oili, ndiyo inayotangulia, pini zinaingia mwisho. Siku ya kukitoa, pini zinachomolewa kwanza, mipira baadaye. Opareta mgeni huona kama ukaidi wa aliyekitengeneza, kumbe sababu ni uzito.

Kijiko hicho mara nyingi huzidi kilo 300, na hakina pa kushika. Hata ukiwaita vijana wanaopakia korosho ghalani, watakiinua kwa taabu na bado hawatalenga tundu la pini. Lakini opareta mmoja anakifunga peke yake, bila winchi wala kreni, kwa sababu kijiko chenyewe ndicho kinachojiinua. Nguvu inatoka kwenye pampu ya trekta na kupitia kwenye mipira. Bila mipira ni chuma tu kimekaa.

Kikiwa chini, husimama kwa mafiga matatu: miguu miwili ya pembeni, na baketi, yaani ndoo yenye meno inayochimba, iliyogusa ardhi kwa nyuma. Tofauti na mafiga ya jikoni, haya yanarefuka na kufupika. Opareta anarudisha trekta nyuma polepole mpaka ibaki shubiri moja au mbili, anazima, anaunganisha mipira, anawasha tena. Akiteremsha miguu, fremu nzima inapanda. Akibonyeza baketi ardhini, upande unaoelekea trekta unainama. Akilegeza, unainuka, kama mizani. Meno ya baketi yakishika ardhi, mkono wa kati unaisogeza fremu mbele au nyuma. Hivyo, kidogo kidogo, ndoano za kijiko zinakalia fremu ya trekta. Hapo unazima na kusukuma pini. Pini ikiomba nyundo, ujue hujalenga. Na kati ya trekta na kijiko asisimame mtu injini ikiwaka, hata huyo anayejidai kuelekeza.

Utauliza, kwa nini kisining'inie kwenye mikono mitatu ya nyuma ya trekta inayobeba jembe, ile iliyoenezwa na mhandisi wa matrekta Harry Ferguson tangu miaka ya 1930? Vipo vinavyofungwa hivyo, ila mimi sivipendi. Jembe huvutwa tu. Kijiko huvuta na kusukuma. Baketi iking'ang'ania jiwe, nguvu inarudi kwenye kasha la gia, ambalo kwenye matrekta mengi madogo ndilo uti wa mgongo, na kijiko kinaweza hata kujikunja juu kumfuata aliyekalia kiti. Fremu ndefu inayopita chini ya tumbo la trekta inaugawa mzigo huo.

Huku kwetu Mtwara kuna adui mwingine, mchanga. Msimu mmoja nilikiacha kijiko chini ya mkorosho ili trekta livute tela. Nilipokirudia kuchimba shimo la karo, mguu mmoja ulikuwa umezama kuliko mwenzake, matundu yamepishana kwa upana wa kidole gumba. Asubuhi nzima ikapotea. Siku hizi natandika mbao nene chini ya miguu na baketi, na ncha za mipira nazivisha vifuniko, maana punje ya mchanga ikiingia kwenye oili inakwenda kukwaruza pampu.

Jua nalo lina lake. Viungio vya mipira vina vali inayojifunga ukichomoa, ili oili isimwagike. Oili iliyofungiwa ikipata joto inatanuka: nyuzi 10 za Selsiasi huiongezea ujazo kwa takriban asilimia 0.7. Ni kidogo, lakini haina pa kwenda, na oili haibonyei kama upepo. Shinikizo linapanda mpaka kiungio kinagoma kuingia. Hapo ndipo watu huita nyundo na kuharibu vali. Kijiko kiweke kivulini, na kabla ya kuchomoa mipira, baketi na miguu vikiwa vimetulia ardhini, zima injini kisha sukuma kila leva huku na huku shinikizo lishuke.

Usitafute mvujo kwa kiganja. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa psi 30 na kitu, psi ikiwa kipimo cha shinikizo. Mfumo wa oili wa trekta dogo unaweza kufika psi 2,500. Oili ikitoka kwenye tundu la ukubwa wa ncha ya sindano hupenya ngozi, na hiyo ni ya kukimbilia hospitali hata kama kidonda hakionekani. Pitisha kipande cha boksi.

Lipo pia la pampu. Kwenye matrekta mengi madogo oili inazunguka muda wote injini ikiwaka: inakwenda kwenye kijiko, inarudi. Ukichomoa mipira na kuondoka hivyo hivyo, umekata njia. Ndiyo maana huwekwa mpira mfupi, au viungio viwili vinavyoingiliana, vya kuunganisha kwenda na kurudi kabla ya kuwasha. Ukisahau, injini inaguna, oili inachemka, mikono ya kubebea jembe inaweza kugoma kupanda, na pampu inaweza kufa. Mpira wangu mfupi nimeufunga kwa kamba ya katani kwenye mguu wa kiti, kwa sababu mara mbili niliuacha ghalani.