Suke la mapepe si ushahidi wa jeni mbovu

Kila msimu naletewa suke la mpunga lililojaa mapepe, yaani punje tupu, na hukumu imeshatolewa: mbegu ni gumba, jeni zake za kiume ni mbovu. Nimechoka kulisikia, maana mkulima hubadilisha mbegu na tatizo likabaki palepale shambani.

Mpunga wenye jeni nzima kabisa unaweza kukosa chavua. Ndani ya mfuko wa chavua kuna tabaka la seli, tapetumu, linalolisha chavua changa. Jeni kama TDR na UDT1 ndizo zinazoliongoza likue, litoe chakula, kisha life kwa wakati wake. Kifo hicho kikiwahi au kikichelewa, chavua inasinyaa. Jeni hizo zikiharibika, mmea unakuwa gumba, sawa. Lakini baridi nayo hupiga palepale bila kugusa jeni: ikiangukia kama siku 10 hadi 12 kabla suke halijachomoza, seli zikiwa zimetoka tu kwenye meiosisi (mgawanyiko wa seli unaozaa chavua), tapetumu huvimba badala ya kuyeyuka na chavua hubaki tupu. Joto lina saa yake. Likipita nyuzi 35 ua linapochanua, mifuko hushindwa kupasuka na stigma, sehemu ya kike inayopokea chavua, huikosa ya kutosha. Na suke jeupe lote, linalochomoka ukilivuta kidogo, hilo ni kazi ya funza wa bua; jeni hazihusiki.

Kwa hiyo, kabla ya kulaumu mbegu, chukua maua yanayokaribia kufunguka, toa mifuko yake sita, iponde kwenye tone la iodini na utazame kwa hadubini. Chavua nzima ni duara na hugeuka nyeusi, kwa kuwa imejaa wanga. Iliyokufa mapema imejikunja na hubaki njano. Ukiona nyeusi pekee, chavua yenyewe ni nzima; chunguza kama mifuko ilishindwa kupasuka, kama joto linavyofanya. Ukiona njano, panda mbegu ileile kwa tarehe tofauti. Mapepe yakijirudia kila tarehe, ndipo tuzungumze jeni.

Madai mengine nayajibu kwa ufupi. Eti chotara, mbegu ya mama na baba wa aina tofauti, ni gumba kwa sababu mama yake ni gumba? Katika chotara za WA (wild abortive, ugumba uliotoka kwa mpunga pori), ugumba wa mama unatokana na jeni WA352 ya mitokondria, na baba huleta jeni rejeshi, Rf3 na Rf4, zinazorudisha uzazi kwa kuizuia. Chotara hujaza punje vizuri. Anayepata hasara ni anayetunza mbegu za chotara: kizazi kinachofuata, jeni hugawanyika na baadhi ya mimea hukosa rejeshi. Nunua mbegu mpya!

Eti ugumba huu ulitengenezwa maabara? Chanzo cha WA ni mpunga pori uliopatikana kisiwani Hainan, China, mwaka 1970, umejiotea wenyewe.

Eti wali wa chotara hizi humaliza nguvu za kiume? Hapana. WA352 huua tapetumu, na binadamu hana tapetumu.

Eti mmea ukishakuwa gumba ni gumba milele? Mpunga ambao jeni yake ya TMS5 imeharibika hukosa chavua kwenye joto, ila ukipata ubaridi wakati chavua inaundwa, huzaa wenyewe. Wazalishaji huutunza hivyo hivyo. Wanaoufuga wapime joto ndani ya shamba, hata la maji yaliyosimama, kwa sababu suke changa bado liko chini karibu na maji hayo.