"Uzito wa kati" wa pikipiki haupimwi kwa mizani

Pikipiki ya spoti ya uzito wa kati ni ile iliyojengwa kukata kona kwa kasi, hendeli zake ziko chini, mbele ina ganda la kupasua upepo, na ujazo wa injini yake ni baina ya cc 600 na 900 hivi. Maana yenyewe haizidi hapo. Kinachopotosha ni neno "uzito", na linawapotosha zaidi wale ambao tayari wana pikipiki kubwa na wanataka kushuka.

Hoja husikika hivi: "Hii ya cc 1000 ni nzito, imenichosha, naiuza nichukue ya uzito wa kati." Tuweke kilo mezani. Yamaha R1 ya cc 998, ikiwa na mafuta na oili, ina kilo 201. Honda CBR600RR ya mwaka 2024, ambayo ni uzito wa kati kwa kipimo cha yeyote, ina kilo 193. Tofauti ni kilo 8, haifiki nusu ya dumu la maji la lita 20. Suzuki GSX-8R ya cc 776, nayo uzito wa kati, ina kilo 205. Aliyeuza R1 akachukua hiyo ili apate pikipiki nyepesi ameongeza kilo 4.

Lugha hii ya uzito imetoka mbali, na zamani ilikuwa na maana yake halisi. Kwenye ndondi bado inayo: bondia wa uzito wa kati hupanda mizani, na mwisho wake ni pauni 160, yaani kilo 72 na nusu. Mbio za pikipiki nazo zilianza na mizani. Mashindano ya Kombe la Kimataifa barani Ulaya, miaka ya 1904 hadi 1906, yaliweka kikomo cha kilo 50 kwa pikipiki nzima. Watengenezaji wakakimbilia kupunguza chuma, zikatoka pikipiki dhaifu zenye injini kubwa kuliko fremu zilivyoweza kubeba. Waingereza hawakuridhika, na walipoanzisha mbio za TT (Tourist Trophy) kisiwani Isle of Man mwaka 1907 waliacha mizani, wakapima ulaji wa mafuta. Mwaka 1909 wakahamia ujazo wa injini, na hapo ndipo mbio za pikipiki zilipobaki hadi leo.

Mizani iliondoka, maneno yakabaki. Mwaka 1922 pikipiki za cc 250 zilipopewa mbio zao pekee kwenye TT, mbio hizo ziliitwa Lightweight, yaani uzito mwepesi, ingawa kilichokuwa kikipimwa ni silinda. Tangu hapo "mwepesi", "wa kati" na "mzito" kwenye pikipiki ni nafasi katika safu ya cc.

Safu yenyewe haijatulia. Honda CB750 ilipotoka mwaka 1969 ilikuwa pikipiki kubwa kabisa. Mashindano ya dunia ya Superbike yalipoanza mwaka 1988, injini za silinda nne ziliwekewa kikomo cha cc 750, kwa hiyo 750 ndiyo ilikuwa juu ya ngazi. Mwaka 2003 zikaruhusiwa za cc 1000, na 750 zikajikuta katikati bila kuongezwa wala kupunguzwa kitu. Suzuki GSX-R750 ilibaki karibu peke yake katika nafasi hiyo. Na kwa dereva wa bodaboda anayeendesha cc 125 au 150, hiyo 600 tunayoiita ya kati ni pikipiki kubwa, na yuko sahihi kwa safu yake.

Kosa la pili linagharimu fedha zaidi kuliko la kwanza: kudhani kwamba kwa kuwa zote ni za kati, basi zinafanana. Ndani ya jina hili mna injini za tabia mbili zinazopingana. Ya kwanza ni silinda nne za cc 600 zilizotengenezwa kwa ajili ya mbio za Supersport: Yamaha R6, Honda CBR600RR, na Kawasaki ZX-6R iliyopanuliwa hadi cc 636. Ya pili ni silinda mbili zilizokaa sambamba: Yamaha R7 ya cc 689, Aprilia RS660, GSX-8R. Zenye silinda tatu, kama Triumph Daytona 660 na Yamaha R9 ya cc 890, zinakaa baina ya tabia hizo.

Chukua R6 na R7. Kipenyo cha silinda ya R6 ni milimita 67 na pistoni husafiri milimita 42.5, za R7 ni 80 kwa 68.6. Pistoni ya safari fupi inaweza kupanda na kushuka mara nyingi zaidi kabla ya mwendo wake kuwa hatari. R6 ikiwa kwenye mizunguko 14,500 kwa dakika, pistoni yake huenda wastani wa mita 20.5 kwa sekunde. R7 ikiwa kwenye 8,750, pistoni huenda mita 20. Kazi ya chuma inakaribiana, mizunguko imeachana mbali. Na kwa sababu farasi huhesabiwa kwa kuzidisha torki (nguvu ya kuzungusha, hupimwa kwa Nm) na mizunguko, R6 hutoa farasi karibu 118 na R7 73.

Ukiishia hapo utasema R6 ndiyo yenye nguvu, na barabarani utashangaa. Torki ya juu ya R6 ni Nm 61.7, nayo haifiki mpaka mizunguko 10,500. Ya R7 ni Nm 67 kwenye 6,500. Mtu aliyezoea cc 1000 amezoea kuvuta mafuta akiwa gia yoyote na pikipiki ikaondoka. Akipanda 600 ya silinda nne na kubadilisha gia kwenye 5,000 kama alivyozoea, ataona imekufa. Haijafa. Hajaipeleka ilikotengenezwa kufanyia kazi.

Kwa hiyo kabla ya kuuza hiyo kubwa, itazame saa ya mizunguko kwa wiki nzima. Ukikuta unaishi chini ya 7,000 na bado unafurahia, tafuta silinda mbili au tatu. R9 hutoa Nm 93 kwenye 7,000, na kwa anayetoka cc 1000 ndiyo itakayomwachia pengo dogo. Silinda nne za 600 zinamfaa mtu anayekwenda uwanja wa mbio, au aliye tayari kushusha gia mbili kabla ya kupita lori. Kupunguza jino moja kwenye sproketi ya mbele husaidia: kutoka meno 16 kwenda 15 kwenye R6 huongeza mvuto wa gurudumu kwa karibu asilimia 7. Gharama yake ni mizunguko zaidi kwenye safari ndefu na cheni kupinda zaidi, na kama kihisio cha spidi kiko kwenye gia boksi, spidi mita itasoma zaidi ya mwendo wa kweli kwa kiasi hicho hicho.

Kuna vitu utakavyopoteza ambavyo jina halikuonyi. Shokapu za mbele za GSX-8R na za Daytona 660 hazina marekebisho yoyote. Za R7 zinayo. R7 ya kwanza ya mwaka 2021 haikuwa na udhibiti wa mtelezo wa gurudumu la nyuma, wakati RS660 ilikuja nao tangu mwanzo pamoja na ABS (breki zinazozuia gurudumu kujifunga) inayofanya kazi ndani ya kona. Mtu mwenye kilo 90 kwenye shokapu isiyorekebishika asiamue kwa kukaa tu dukani. Apime kushuka: vuta pikipiki juu mpaka shokapu zinyooke, pima, kisha akae na mavazi yake yote, pima tena. Mbele ikishuka zaidi ya milimita 40, spring ni laini kwake, na kubadilisha spring kuingie kwenye bajeti.

Ukinunua iliyotumika, na hasa 600 ya silinda nne, tafuta dalili za uwanja wa mbio: vitundu vidogo vilivyotobolewa kwenye vichwa vya bolti za breki na kifuniko cha oili kwa ajili ya waya wa kufungia, vizuizi vya usukani vilivyobonyea, ganda jipya juu ya fremu yenye mikwaruzo. Gia ya pili ijaribiwe kwa kuvuta mafuta kwa nguvu. Ikiruka, gia boksi inafunguliwa.

Hata farasi wa nyingi kati ya hizi mpya hawakuamuliwa na mhandisi peke yake. Sheria ya leseni ya A2 Ulaya, daraja la kati la leseni za pikipiki, humruhusu dereva wa daraja hilo kuendesha pikipiki iliyobanwa hadi kilowati 35, mradi kabla ya kubanwa haikuzidi kilowati 70. Kilowati 70 ni farasi 95, na 95 ndizo za Daytona 660.

Tena kuhusu kilo, maana karatasi za mauzo nazo zinachangia mkanganyiko: baadhi ya kampuni huandika uzito bila mafuta. Ducati Panigale V2 ya mwaka 2025 imeandikwa kilo 179, lakini tangi lake la lita 15 likijaa linaongeza kilo 11. Linganisha zote zikiwa zimejaa.

Anayesema anataka uzito wa kati kwa kuwa kubwa ilimchosha kuisukuma na kuisimamisha kwenye foleni hajakosea kutaka alichotaka, amekosea kipimo tu. Amwombe muuzaji urefu wa kiti. Cha R1 kiko milimita 855 kutoka ardhini, cha GSX-8R 810. Mguu ukikanyaga chini wote, ile ya kilo 205 itamsumbua kidogo kuliko ile ya 201.