4294967297 si namba tasa, jamani

Wiki hii tena. Kijana wa kidato cha sita kanitumia ujumbe: "Shikamoo mwalimu. 4294967297 ni tasa. Nimeijaribu kwa 2, 3, 5, 7, 11 na 13, imekataa zote."

Marahaba mwanangu. Si tasa.

Ukishajaribu hadi 13, una uhakika na namba zilizo chini ya 289, basi. Kipeuo cha pili cha hii ni 65536 na ushei, na chini yake kuna namba tasa 6542. Kijana kagonga milango sita, kaondoka akitangaza nyumba haina watu.

Ila yuko na mkubwa mwenzake. Namba hii ni 2³² + 1, na Fermat, mwanahisabati wa karne ya 17, aliamini ni tasa. Alishaona 3, 5, 17, 257 na 65537, za umbo hilohilo (2 yenye kipeo 1, 2, 4, 8 na 16, kisha + 1), zote tasa. Mwanahisabati Euler akaja mwaka 1732: 641 × 6700417.

Linalonikera zaidi ni "ah, namba kubwa hizo kazi ya kompyuta". Kompyuta ya nini? Tazama umbo kwanza. Ukigawa 2³² kwa kigawo tasa chochote cha namba hii, baki ni −1; kwa hiyo mzunguko wa 2, yaani kipeo kidogo kabisa cha 2 kinachobakisha 1, ni 64, na kigawo hicho, kikigawanywa kwa 64, hubakisha 1 (katikati malizia mwenyewe). Basi hesabu: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Tupa zisizo tasa. Zimebaki tano, na ya tano ndiyo yenyewe! Hata ungekwenda kibubusa, moja baada ya moja, 641 ni namba tasa ya 116. Daftari na jioni mbili tatu. Kwamba Fermat, fundi yule, hakufika huko, hunisumbua mpaka leo.

Mengine haraka: ni witiri, ina vigawo vinne tu, na ni pungufu kupindukia (vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa haviifikii), maana 1 + 641 + 6700417 ni 6701059.

Sasa aibu yangu. Jaribio la Fermat husema: N ikiwa tasa, msingi usiogawanyika kwa N ukiupa kipeo N − 1 kisha ukagawa kwa N, lazima ibaki 1; isipobaki 1, N si tasa. Kwa msingi wa 2, ninaoutumia kwanza kila siku kwa uvivu, linaipitisha namba hii bila swali. Msingi wa 3 ndio unaoinasa. Kwa hiyo siwacheki sana wanaojaribu hadi 13.

Tasa ya sita ya umbo hili haijapatikana. Nahisi haipo, lakini hisia si uthibitisho. Ukiweka kipeo 2²⁰ mahali pa 32, imeshathibitishwa kuwa namba hiyo si tasa, ila hakuna anayejua hata kigawo chake kimoja zaidi ya 1 na yenyewe.

Nilipomwambia hilo, kijana akauliza: "Sasa mwalimu, kama vigawo hamvijui, mmejuaje si tasa?"

Nimemwambia arudie aya ya msingi wa 3, polepole.