Kwilti ya kisasa ni nini hasa?

Mtu akiona mkoba au koti la vipande vya kitenge vilivyoungwa, mara nyingi husema hiyo ni kwilti. Bado. Hivyo ni viraka, na viraka ni kazi nzuri inayojitegemea, lakini kwilti haipimwi kwa wingi wa vipande vyake. Inapimwa kwa matabaka. Yapo matatu: uso unaoonekana, pamba iliyotandazwa katikati, na kitambaa cha mgongoni kama bitana ya koti. Kisha mishono hupita kutoka juu hadi chini na kuyashika yote pamoja, ili pamba isihame na kujikusanya upande mmoja ukifua. Ondoa mishono hiyo, umebaki na vitambaa vilivyopangwa tu. Lakini uso ukiwa kitambaa kimoja kizima, bila kiraka hata kimoja, mradi umeshonwa hivyo, hiyo ni kwilti kamili. Watu wa pwani wana neno mfarishi kwa tandiko lililojazwa pamba. Ukilifahamu hilo, kwilti si ngeni kwako.

Sasa hilo neno "ya kisasa". Wengi hudhani maana yake ni kushona kwa cherehani ya umeme badala ya mkono. Sivyo. Kwilti zilishonwa kwa cherehani tangu karne ya 19, na leo wapo washonaji wa kisasa wanaofanya kila kitu kwa sindano ya mkononi. Usasa uko kwenye mpangilio. Katika kwilti ya mazoea ya Marekani, mshonaji huchagua umbo moja, tuseme nyota, akalirudia mara 20 au 30 kwa safu zilizonyooka, kisha akazungushia pindo pande zote nne. Mshonaji wa kisasa anaweza kuichukua nyota ileile akaikuza mpaka ijaze shuka zima, au akaibana kwenye kona moja na kuliacha eneo lote lililobaki liwe jeupe au la kijivu. Hupenda kitambaa cha rangi moja kisicho na maua. Wengine hukata kwa jicho tu, bila rula, wakiamua kipande kinachofuata baada ya kukiona kilichotangulia.

Ile nafasi tupu ndiyo inayowavutia wengi wanaoanza, kwa kuwa inaonekana rahisi. Kwangu mimi ndiyo ngumu kuliko yote. Kwenye maua mengi, mstari uliopinda hujificha. Kwenye kitambaa kitupu kila mshono unaonekana, na macho ya mtu huenda moja kwa moja pale ulipoteleza.

Jina "kwilti ya kisasa" lilipata nguvu miaka ya 2000. Mwaka 2009 washonaji wa Los Angeles walianzisha Modern Quilt Guild, na mwaka 2013 chama hicho kikafanya maonyesho yake makubwa ya kwanza, QuiltCon, mjini Austin, Texas. Lakini kusema kwilti za namna hii zilianza hapo ni kuwadhulumu waliotangulia.

Kwenye pindo la mto Alabama, kusini mwa Marekani, kuna kijiji kiitwacho Gee's Bend. Mto umekizunguka pande tatu. Wakazi wake wengi ni wazao wa watu waliofanywa watumwa kwenye shamba la pamba la familia ya Pettway, ndiyo maana jina Pettway limejaa hapo hadi leo. Nyumba zilipitisha upepo, fedha haikuwepo, na wanawake walishona kwilti ili watoto wasilale na baridi. Kitambaa kilikuwa suruali za kazi zilizochakaa, magunia, chochote kilichobaki. Missouri Pettway, baada ya kufiwa na mumewe, alizichana nguo za kazi za marehemu akashona kwilti ya kujifunika na kumkumbuka. Hiyo ilikuwa mwaka 1942. Mapande makubwa ya nguo zilizopauka, mistari isiyolingana, hakuna kinachojirudia sawasawa: kila kitu kinachoitwa cha kisasa leo kimo humo.

Kwilti za kijiji hicho zilionyeshwa kwenye jumba la sanaa la Houston mwaka 2002, kisha kwenye jumba la sanaa la Whitney jijini New York, na wahakiki wakazilinganisha na michoro ya wasanii wakubwa wa karne ya 20. Mwaka 2006 posta ya Marekani ilizitia kwenye stempu. Wanawake wale hawakuiga michoro hiyo. Walikuwa na kitambaa kidogo, jicho kali, na uhuru wa kupanga kila mmoja apendavyo.

Ukitaka kujaribu, jambo la kwanza la kuzoea ni robo inchi. Hicho ndicho kiasi kinachoachwa pembeni mwa kila mshono, kwa hiyo mraba wa inchi 4 hukatwa inchi 4 na nusu. Usikidharau. Mshono ukizidi kwa sehemu moja tu ya 16 ya inchi, unakula hiyo kila upande, na safu ya vipande 9 yenye maungio 8 itakuwa imepungua inchi nzima. Hapo ndipo safu zinapokataa kukutana.

Kitambaa kwetu si tatizo. Mabaki ya kitenge yako chini ya meza ya kila fundi, na mengi huishia kutupwa. Chagua ya pamba, yafue kwanza yatoe wanga na rangi inayochuja, uyapige pasi. Kitenge kina sauti kubwa, na vitenge vitano vikiwekwa bega kwa bega vinapigana. Kizungushie kimoja kitambaa cha rangi moja na utaona nafasi tupu inafanya kazi gani.

Usianze na shuka la kitanda. Anza na kishikio cha sufuria cha inchi 8 kwa 8, katikati ukitia taulo kuukuu la pamba, kwa sababu vijazio vya plastiki havifai karibu na moto. Panga matabaka, piga bandi (mishono mirefu ya muda ya kuyashikilia), halafu ushone mistari ukianzia katikati kuelekea kingoni. Ukianzia kingoni, kitambaa cha mgongoni kitajikusanya katikati na hakitakuwa na pa kutokea.