Bega Lililoganda: Mazoezi Gani, na Wakati Gani

Wagonjwa wengi wa bega lililoganda hunifikia wakiwa wameshachuliwa. Wamekandwa kwa maji ya moto, jambo lisilo na ubaya, lakini pia wamevutwa mkono na mtu aliyeamini kwamba bega gumu ni la kulazimishwa, na usiku uliofuata hawakupata usingizi. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza kama mtaalamu wa fiziotherapia mara nyingi huwa ni kusimamisha mazoezi fulani kabla ya kufundisha mengine, kwani tiba ya maradhi haya hutegemea zaidi hatua ambayo bega limefikia kuliko nguvu inayotumika.

Kiungo cha bega kimezungukwa na kifuko cha tishu ambacho, kikiwa na afya, huwa kimelegea kiasi cha kuuruhusu mkono kuzunguka karibu pande zote. Bega linapoganda, kifuko hicho hupata uvimbe wa ndani, kisha hunenepa na kusinyaa. Hatua ya mwanzo hutawaliwa na maumivu, hasa ya usiku. Ya pili hutawaliwa na ugumu. Katika ya tatu bega huanza kulegea, na yote hayo huweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu. Maradhi haya huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari kuliko wasio nacho. Nikimpata mgonjwa ambaye hajawahi kupima sukari, mimi humwomba akapime hata kama halalamikii kitu kingine.

Kipimo ninachokiamini zaidi hakihitaji mashine. Mgonjwa hubana kiwiko ubavuni akiwa amekikunja, nami nauzungusha mkono wake polepole kuelekea nje. Bega lililoganda hukwama mapema, na hukwama vilevile mgonjwa akiwa amejilegeza kabisa na ni mimi ninayeusogeza mkono. Aliyechanika msuli kwa kawaida hushindwa kuuinua mwenyewe, lakini mimi nikiuinua unakwenda. Hata hivyo picha ya eksirei haipaswi kupuuzwa: bega lililoteguka kwa nyuma, kwa mfano baada ya degedege au kuanguka, nalo hukataa kuzunguka kuelekea nje, na mtu huweza kulifanyia mazoezi bure.

Katika hatua ya maumivu ninampa mgonjwa kazi ndogo sana. Anainama, anaegemea meza kwa mkono mzima, anauachia ule unaouma uning'inie na kuubembeza taratibu, mara chache kwa siku. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa Uholanzi uliofuatilia wagonjwa 77: baada ya miaka 2, asilimia 89 ya waliofanya mazoezi bila kuvuka mpaka wa maumivu walikuwa na bega zima au karibu na zima, dhidi ya asilimia 63 ya walionyooshwa kwa nguvu. Wagonjwa hao hawakugawanywa kwa kura, hivyo sichukulii takwimu hizo kama neno la mwisho, lakini zinalingana na ninayoyaona kazini.

Maumivu ya usiku yakipungua, ndipo tunapoanza kunyoosha kwa dhati. Mgonjwa hulala chali, hushika mpini wa ufagio kwa mikono miwili, viwiko vikiwa ubavuni, na kuutumia mkono mzima kuusukuma ule unaouma kuelekea nje mpaka ahisi kuvutwa. Hapo hutulia kwa sekunde kadhaa na kurudi. Maumivu yanayotulia muda mfupi baada ya zoezi hayanitishi. Yakimwamsha usiku, tumezidisha.

Sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ndani ya kiungo ni mwenza wa mazoezi, hasa mapema, ingawa mwenye kisukari aelezwe kwamba sukari yake huenda ikapanda kwa siku kadhaa. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020, wenye wagonjwa 503, ulilinganisha fiziotherapia iliyoambatana na sindano hiyo, kunyooshwa bega chini ya nusukaputi, na upasuaji wa tundu dogo. Baada ya mwaka mmoja hakuna tiba iliyozishinda nyingine kwa tofauti ya maana kwa mgonjwa. Ndiyo maana siharakishi kumpeleka mtu kwa daktari wa upasuaji. Nikimpeleka, baada ya miezi ya mazoezi yasiyozaa matunda, huagana naye kwa sharti moja: arudi kwangu mapema baada ya upasuaji, kabla kifuko hakijaanza kusinyaa upya.