Kupanga Nyumba kwa Sikukuu: Tunayoyaamini na Yaliyo Kweli

Sikukuu ikikaribia, ushauri wa kupanga na kupamba nyumba humiminika kutoka kila upande. Mwingine tumeurithi kwa wazazi, mwingine tumeambiwa na majirani, mwingine umetoka kwenye picha za nyumba zilizopangwa kwa ajili ya kamera. Karibu wote una dhana moja ndani yake: kwamba nyumba huwa tayari kwa wageni kwa kuongezewa vitu. Mimi naamini kinyume chake. Mgeni anahitaji nafasi kwanza: ya kupita, ya kukaa, ya kuweka kikombe. Chakula nacho kinahitaji nafasi ili kipoe, na hewa inahitaji nafasi ili izunguke. Baadhi ya dhana ninazozieleza hapa zinaharibu raha tu, lakini nyingine zimeshapeleka watu hospitalini.

"Mapambo yakiwa mengi ndipo sikukuu inaonekana"

Mwangalie mgeni aliyepewa kinywaji sebuleni. Anakaa, anageuka kushoto, anakuta meza ndogo imejaa vinyago, fremu za picha na shada la maua. Anageuka kulia, dirishani kuna mishumaa. Mwishowe anaweka glasi sakafuni karibu na mguu wake, na mtoto wa kwanza kupita mbio anaipiga teke. Sebule hiyo imepambwa sana, lakini haijaandaliwa kumpokea mtu.

Ukweli ni kwamba mapambo ya sikukuu yanapaswa kuchukua nafasi ya mapambo ya kila siku. Kabla hujafungua boksi la sikukuu, chukua kapu tupu, pita sebuleni na uondoe vitu vya urembo vinavyokaa hapo mwaka mzima. Futa vumbi, acha meza wazi, toka nje kidogo kisha rudi utazame upya. Ndipo uchague sehemu mbili au tatu ambazo jicho linafika kwanza: mlangoni, ukuta unaotazamana na viti, na katikati ya meza ya chakula. Ukizipamba hizo vizuri, kwingine kuache kupumue. Kila anayeketi awe na mahali pa kuweka glasi bila kuinuka.

Pambo la katikati ya meza ya chakula lisizidi kimo cha sentimita 30 hivi. Likizidi hapo, wanaotazamana watakuwa wakichunguliana kati ya maua, na mazungumzo yatavunjika vipande vipande.

"Viti vikitosha, nafasi imetosha"

Viti vinaazimwa, lakini ukingo wa meza hauazimiki. Mtu mzima anayekula anahitaji kama sentimita 60 za ukingo huo ili viwiko visigongane. Meza yenye urefu wa sentimita 180 inachukua watu watatu kila upande. Ukiwabana wanne, kila mmoja anabaki na sentimita 45, na hapo hata kukata kipande cha nyama inakuwa ni kuomba radhi. Nyuma ya viti acha sentimita 90 hivi kama kuna watu watakaopita na sinia.

Basi wageni wakizidi meza, usilazimishe. Weka chakula kwenye meza moja, kila mtu ajipakulie, kisha wakae makundi makundi. Weka meza hiyo mbali na ukuta ili watu waizunguke pande zote mbili. Ikigusa ukuta, unapata foleni moja ndefu inayoziba mlango. Na vinywaji vitengewe kona yake, mbali na chakula. Hatua hiyo moja inapunguza msongamano kuliko kuongeza viti kumi.

"Lazima usafishe na kupanga nyumba nzima"

Hapana. Wageni wanafika sehemu nne: mlangoni, sebuleni au mahali pa kulia, chooni, na mara nyingi jikoni. Nguvu zako zielekeze huko. Wiki ya mwisho si wakati wa kumwaga kabati zima la nguo kitandani. Kazi ya aina hiyo huanza vizuri asubuhi na usiku inakukuta katikati ya lundo.

Chooni ndipo mahali pekee ambapo mgeni anakaa peke yake na kuona kila kitu kwa utulivu. Weka karatasi ya akiba inayoonekana bila kufungua kabati, sabuni, taulo safi ya mikono na pipa la taka lenye kifuniko. Dawa zako za hospitali ziondoe kwenye rafu. Ni siri yako, na watoto wa wageni hawajui ni nini.

Kuna dada yake dhana hii, inayosema upangaji huanza kwa kununua maboksi na vikapu vizuri. Boksi linalonunuliwa kabla ya kujua kitakachoingia humo huwa ni kitu kingine cha kutafutiwa mahali. Toa vitu, vichambue, gawa usivyovihitaji, pima rafu, halafu ndipo ununue, kama bado kuna haja. Mara nyingi haja huwa imekwisha.

Vilevile, kusukumia kila kitu chumba cha nyuma na kufunga mlango si kupanga. Chumba hicho ndicho wageni watakapotaka kuweka mikoba au kumlaza mtoto. Na usirundike kitu chochote kwenye korido au mlango wa kutokea: nyumba ikijaa watu, njia ya kutoka kwa haraka inahitajika kuliko siku nyingine yoyote.

"Ukichanganya dawa mbili za usafi, uchafu unakwisha haraka"

Hii naomba isomwe taratibu, kwa sababu hutokea hasa siku za haraka kama hizi. Dawa ya klorini ya kung'arishia ikikutana na siki au dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi ya klorini. Ikikutana na amonia, iliyomo katika baadhi ya dawa za kusafishia vioo, hutoa gesi ya kloramini. Zote mbili hushambulia macho, koo na mapafu, na chooni kwenye dirisha dogo hazina pa kutokea. Ukisikia harufu kali ya kukaba, acha kila kitu, toka nje upate hewa safi.

Dawa moja inatosha ikipewa muda. Nyingi za kuua vijidudu zinatakiwa zikae zikiwa mbichi juu ya sehemu kwa dakika kadhaa zilizoandikwa kwenye chupa. Tunachofanya wengi ni kupuliza na kufuta papo hapo, kisha tunasema dawa haina nguvu.

"Taa za LED haziwezi kuleta moto"

Taa za umeme kwenye mti wa Krismasi zina historia ndefu. Mwaka 1882, Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, aliupamba mti nyumbani kwake New York kwa balbu 80 za rangi nyekundu, nyeupe na buluu. Kabla ya hapo watu waliwasha mishumaa halisi kwenye matawi makavu, kwa hiyo umeme ulikuwa nafuu kubwa. LED ni nafuu nyingine: hutumia umeme pungufu kwa angalau asilimia 75 ikilinganishwa na balbu za waya wa moto, na hazipati joto kama zile.

Lakini taa si balbu tu. Kuna waya, plagi na soketi, na huko ndiko hatari ilikobaki. Kabla ya kuzitundika, zinyooshe sakafuni na upitishe vidole taratibu kwenye waya wote ukiwa hujauchomeka. Ukikuta sehemu imechubuka, shaba inaonekana, au plagi ina alama nyeusi ya kuungua, zitupe. Usizifunge kwa gundi ya karatasi ukatumaini.

Ekstensheni haichomekwi kwenye ekstensheni nyingine. Na tafadhali, waya usipite chini ya zulia ati usiwakwaze wageni: joto linakosa pa kwenda, na kila mguu unaokanyaga unakula ganda lake bila wewe kuona. Upitishe kandokando ya ukuta. Taa zilizoandikwa kuwa ni za ndani zibaki ndani, maana unyevu haujali kwamba ni usiku mmoja tu. Zima zote unapokwenda kulala.

Mishumaa, kwa wanaoipenda, iwe angalau sentimita 30 kutoka kwa chochote kinachoweza kushika moto: pazia, maua makavu, kitambaa cha meza kinachoning'inia. Isiachwe inawaka kwenye chumba kisicho na mtu.

Wengi wamehamia kwenye mishumaa ya betri, na ni sawa, ila hapo pana hatari ambayo haitajwi vya kutosha. Betri ndogo bapa zenye umbo la kifungo, zilizomo kwenye mapambo hayo na kwenye kadi zinazoimba, mtoto akimeza moja na ikakwama kooni, inaweza kuunguza nyama ya ndani vibaya ndani ya muda wa saa 2. Nunua yale ambayo kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu. Ukishuku mtoto amemeza, usisubiri dalili, kimbilia hospitali.

"Poinsetia ni ua la kuua, lakini lili ni salama"

Poinsetia, lile ua lenye majani mekundu, limesingiziwa kwa zaidi ya miaka 100. Chanzo kinachotajwa ni habari ya mwaka 1919 kutoka Hawaii, ya mtoto aliyedaiwa kufa baada ya kula jani lake. Habari hiyo haikuthibitishwa kamwe. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 1996 uliangalia matukio 22,793 yaliyoripotiwa kwenye vituo vya sumu vya Marekani, na hakuna hata mtu mmoja aliyekufa. Utomvu wake unaweza kuwasha ngozi au kuchafua tumbo, basi liwekwe mbali na watoto wadogo, lakini si sumu ya kuua.

Lili ndilo la kuogopwa kama una paka. Paka akila jani lake, akilamba chavua iliyomdondokea mwilini, au hata akinywa maji ya chombo lilimokaa, figo zake zinaweza kufa. Ukiletewa shada lenye lili na paka yumo ndani, litoe. Mgeni aliyelileta ataelewa.

"Chakula cha moto hakiingii kwenye friji mpaka kipoe kabisa"

Hii imekaa katika nyumba nyingi, na siku ya sikukuu ndiyo inayodhuru zaidi, kwa kuwa masufuria ni makubwa na watu wamechoka. Bakteria huongezeka haraka kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida la chumba zaidi ya muda wa saa 2. Chumba kikiwa na joto kali, zaidi ya nyuzi 32, hata saa hizo ni nyingi, fanya moja.

Sufuria kubwa likiachwa lipoe lenyewe, katikati hubaki na uvuguvugu kwa saa nyingi. Gawa chakula kwenye vyombo vipana vyenye kina cha sentimita 5 hivi, mvuke ukipungua kiingize. Na usitegemee kwamba kukipasha asubuhi kutaokoa kila kitu. Baadhi ya bakteria, kama wale wanaoota kwenye wali uliolala nje, huacha sumu ambayo moto hauiondoi.

Haya yote yanadai friji yenye nafasi, na hapo ndipo tunapokosea mapema: tunalijaza hadi mlango unasukumwa kwa goti. Friji hupoza kwa hewa baridi inayozunguka kati ya vyombo. Ukiziba njia zake, mbele panakuwa baridi na nyuma panakuwa vuguvugu, au kinyume chake. Friza ni tofauti. Likijaa hutunza baridi vizuri zaidi, na umeme ukikatika linaweza kuhifadhi chakula kwa saa 48 usipolifungua, wakati lililojaa nusu huhimili kama saa 24. Kwa hiyo siku mbili kabla, pitia friji, toa chupa za zamani na vibakuli vya masalia, na vinywaji vyote vihamishie kwenye beseni la barafu. Vinywaji vinavumilia. Rafu moja ibaki tupu kwa ajili ya mabaki ya usiku. Nyama mbichi ifunikwe na ikae rafu ya chini kabisa, ili maji yake yasidondokee kitu.

"Mshumaa wenye manukato husafisha hewa"

Haisafishi; huongeza harufu juu ya harufu, pamoja na moshi wake. Mwaga taka, fua kitambaa cha jikoni, fungua madirisha ya pande mbili kwa robo saa kabla wageni hawajafika.

"Mapambo yakishateremshwa, yatupe tu stoo"

Uchovu wa baada ya sikukuu ndio unaoharibu sikukuu ijayo. Vitambaa vya meza na mito vihifadhiwe vikiwa vimefuliwa na kukauka kabisa, kwani viluwiluwi vya nondo hupenda sufu na hariri yenye jasho na mabaki ya chakula. Karatasi na maboksi laini huvuta unyevu na wadudu. Chombo cha plastiki chenye mfuniko kinafaa zaidi. Mishumaa ilazwe mahali pasipo joto, la sivyo itapinda. Taa zizungushe kwenye kipande cha kadibodi ngumu, ukianzia upande usio na plagi, ili plagi ibaki nje na uweze kuzijaribu mwakani kabla ya kuzikunjua. Na kila pambo lenye betri, toa betri yake kabla hujalifunga, kwa sababu ikivuja ndani ya boksi hula vyuma vya pambo lenyewe na kuchafua yaliyo jirani.