Uraibu wa kazi za mikono za jadi: maana yake kwetu Uganda

Uraibu ni jambo ambalo mtu amelizoea na kulipenda, naye hulifanya ili ajistareheshe bila kushurutishwa na mtu. Siku hizi wengi hulisikia neno hili pale tu yanapotajwa madawa ya kulevya, na ni hasara, kwa sababu maana yake ya wema bado ipo katika kamusi na bado tunaihitaji. Kwa hiyo, uraibu wa kazi za mikono za jadi ni mazoea ya mtu kuitumia nafasi yake ya mapumziko kujifunza, kwa mikono yake mwenyewe, ufundi ambao wazee waliutumia kutengeneza vyombo, mavazi, samani na ala za muziki kabla ya bidhaa za kiwandani kuenea, na kuuendeleza ufundi huo kwa ajili ya kuujua na kuufurahia, hata kama haumletei riziki.

Katika maelezo hayo, maneno yenye uzito ni haya: kwa mikono yake mwenyewe. Mtu anaweza kupita kila Jumamosi katika vibanda vya vinyago na vikapu vya Buganda Road mjini Kampala, akajaza nyumba yake vitu vizuri, na bado akawa mpenzi wa vitu hivyo tu. Kupenda huko sikulaumu, maana ndiko kunakowalisha mafundi. Lakini uraibu ninaousema huanza siku mtu anapokigeuza kikapu chini juu, akautazama mshono wa kitako chake, na kutaka kujua mkono ulianzia wapi.

Mimi nilianza na mkeka. Waganda huuita omukeka, neno lile lile letu, na malighafi yake kuu ni ensansa, yaani majani machanga ya mkindu, ambayo kwa Kiswahili tunayaita ukindu. Majani hukatwa kabla hayajafunguka vizuri, huanikwa juani mpaka yakawa meupe, kisha hupasuliwa kuwa vipande vyembamba vya upana mmoja. Yatakayopakwa rangi huchemshwa katika sufuria lenye rangi ya unga. Baada ya hapo husukwa ukili, ambao ni utepe mrefu wenye upana wa vidole kadhaa, na tepe hizo ndizo zinazounganishwa ukingo kwa ukingo kwa shazia, yaani sindano kubwa ya kushonea mikeka, hadi mkeka ukamilike. Katika msuko niliofundishwa, kila jani hupita juu ya mawili na chini ya mawili, na jani linapokaribia kwisha, jipya huchomekwa chini yake mapema, ili pasitokee mahali ambapo majani mawili yanakoma pamoja.

Ukili wangu wa kwanza uliharibika kwa sababu ya pupa. Niliyaloweka majani usiku kucha ili yawe laini, nikasuka kwa urahisi mno, nikafurahi. Nilipouanika, majani yalisinyaa, na kila mahali yakabaki matundu ambayo ungeweza kupitisha punje ya mtama. Hajati aliyekuwa akinifundisha aliushika, akauvuta kidogo kwa pande zote mbili, akaniambia, “Mwanangu, jani lataka unyevu, halitaki maji.” Tangu siku hiyo nayafunga majani katika kitambaa kibichi na kuyasuka yakiwa yamelegea kidogo tu. Maelezo ya namna hii hayapatikani kwa kutazama mkeka uliokwisha kushonwa. Hukaa katika vidole vya mtu, na mtu huyo asipokuwa na wa kumpa, huondoka nayo.

Mfano unaoieleza dhana hii vizuri kuliko yote, kwa maoni yangu, ni lubugo, nguo ya gome la mti ya Waganda. UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, iliutangaza utengenezaji wake kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu mwaka 2005, na mwaka 2008 ukaingizwa katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Gome hutoka kwenye mti wa mutuba, jamii ya mtini, na huvunwa majira ya mvua, wakati linapobanduka kwa wepesi. Fundi hukwangua ganda la nje, hukata mduara juu na chini ya shina, hupasua mstari mmoja wa wima, kisha hulibandua gome lote kama shuka. Shina lililobaki uchi hufungwa kwa majani ya mgomba ili lisikauke, na gome jipya huota. Ndiyo maana mti mmoja huweza kuvunwa tena na tena kwa miaka mingi bila kufa.

Gome lililobanduliwa hulainishwa kwa moto au mvuke, kisha hupondwa kwa nyundo za mti zenye mifuo, kwanza ile yenye mifuo mipana, baadaye yenye mifuo myembamba zaidi, katika banda lililo wazi pande zote ambalo kivuli chake hulizuia gome kukauka upesi. Kwa kila pigo gome hutanuka kidogo, hata likawa pana mara kadhaa kuliko lilivyotoka mtini. Likianikwa juani hugeuka rangi na kuwa jekundu la udongo. Sauti ya kuponda lubugo husikika kutoka mbali, na wanaponda wawili au watatu pamoja sauti hiyo huwa na mpangilio wake kama ngoma.

Ufundi huu ulififia katika karne ya 19, misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilipoleta nguo za pamba hadi Buganda. Sisi tunaoandika Kiswahili tunapaswa kulikumbuka hilo, kwani lugha yetu ilisafiri katika misafara hiyo hiyo. Lubugo ikabaki zaidi katika kutawazwa kwa wafalme, katika mazishi na katika ibada za jadi. Ndani ya nyumba kuu ya Kasubi, makaburi ya wafalme wa Buganda mjini Kampala, iliyoteketea kwa moto usiku wa tarehe 16 Machi 2010, pazia la lubugo ndilo lililokuwa likitenga sehemu takatifu, na kuijenga upya kulihitaji watu ambao bado waliijua kazi.

Hapo panajitokeza mpaka ambao mwenye uraibu lazima auheshimu. Kutengeneza lubugo ya kifalme ni jukumu la ukoo wa Ngonge, yaani fisimaji, chini ya mkuu wao anayeitwa Kaboggoza; kuezeka Kasubi ni kazi ya ukoo wa Ngeye, yaani mbega. Mgeni anaweza kufundishwa kuponda gome, na mafundi wengi humpokea kwa moyo mweupe, lakini hawezi kujitwalia cheo wala ibada inayoambatana na kazi hiyo. Ni vyema aulize kwanza kipi ni cha kila mtu na kipi ni cha wenyewe.

Uganda ina mengi zaidi ya hayo: vigoda vya Karamoja ambavyo pia ni mito ya kulalia, vyombo vya mti vya maziwa vya Ankole, sinia na vifuniko vya chakula vyenye rangi kali vya wanawake wa Kinubi wa Bombo. Katika Busoga kuna bigwala, tarumbeta za vibuyu zilizopigwa katika sherehe za kifalme, ambazo mwaka 2012 UNESCO iliziweka katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Anayetaka kuzitengeneza hana budi kwanza kuipata mbegu, kuipanda, na kusubiri vibuyu virefu vikomae na kukauka, kwa hiyo uraibu wake unaanzia shambani.

Kwa anayeishi Kampala, pa kuanzia ni Makumbusho ya Uganda yaliyoanzishwa mwaka 1908, yaliyopo Kira Road. Aende na daftari, achague chombo kimoja tu, akichore pamoja na mishono yake, kisha amtafute sokoni au kijijini mama au mzee anayekitengeneza hadi leo, na siku ya kumwendea abebe majani yake mwenyewe, yakiwa yamefungwa katika kitambaa kibichi.